Mazishi ya Tawi la Mkunya

Chama chetu sitakitaja jina. Ukikiona kwenye karatasi ya kura utadhani mchapaji alipitiwa akakiongeza. Kina bendera, kina katiba, kina wimbo ambao sijawahi kumkuta mtu anayejua ubeti wake wa pili, na kina mwenyekiti wa taifa anayeonekana kwenye televisheni mara moja kila uchaguzi, akisema ameibiwa ushindi. Mimi nilikuwa katibu wa tawi lake katika kitongoji kimoja cha kata ya Mkunya, wilayani Newala, kwa muda usiofika miaka miwili. Nisikudanganye kwamba niliingia kwa itikadi. Niliingia kwa sababu nina mashine ya fotokopi.

Kwetu ni Masasi, mimi ni Mmakua. Nilipanda Newala kufuata biashara ya steshenari, nikafungua kibanda karibu na stendi. Siku moja akaingia mzee mmoja mrefu, suruali imeganda saruji hadi magotini, akataka kutoa nakala ya kadi ya chama. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama anaitazama mashine inavyotoa mwanga.

"Hii mashine ni yako au umeajiriwa?"

"Ya kwangu, mzee."

"Na kompyuta je?"

"Ya kwangu pia."

"Basi wewe ndiye katibu," akasema, akaweka mbele yangu kadi nyingine, mpya, haina jina. Nilicheka. Yeye hakucheka. Mpaka anaondoka nilikuwa nimeshajaza jina langu mwenyewe, kwa kalamu yangu mwenyewe, na sijui hadi leo ilikuwaje.

Huyo ndiye mwenyekiti wangu. Kazi yake ni fundi wa matangi ya maji. Huku juu hakuna mto, na bomba hutoa maji likijisikia, kwa hiyo kila mwenye bati la kueleweka hujenga tangi la saruji pembeni ya nyumba ili mvua ijae humo. Tangi likipata ufa, linamwita yeye. Anaingia kwa ngazi kupitia tundu la juu, mwenye tangi anabaki nje anamteremshia ndoo za udongo wa saruji. Na hapo ndipo chama chetu kilipokua.

Akishafika chini, mzee alianza siasa. Sauti ilipanda juu imevimba mara tatu, kuhusu zahanati isiyo na dawa, kuhusu barabara, kuhusu salfa ya mikorosho inayofika mikorosho ikiwa imeshaugua. Mwenye tangi hakuwa na pa kukimbilia. Akiondoka, ndoo haishuki. Ndoo isiposhuka, ufa hauzibwi. Na mawingu hayo yanakuja. Nimewahi kumsikia mama mmoja akiinama kwenye tundu na kupaza sauti, "Baba, nimekubali, andika jina langu, lakini toka!" Mzee akamjibu kutoka ndani kwamba uanachama ni hiari na afikirie kwanza vizuri. Akaendelea kwa nusu saa nyingine.

Kwa njia hiyo tulifika wanachama kumi na mmoja. Kumi walikuwa wakazi wa kitongoji, wa kumi na moja nilikuwa mimi niliyekaa mjini Newala. Mke wa mwenyekiti alikuwa na kadi namba tatu. Kila mtu alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, ila hapa nitamwita Mama Mwenyekiti, jina ambalo angelichukia. Huyo hakusajiliwa tangini. Alisema alijiunga ili ajue mumewe anawaahidi watu nini, maana ahadi zikiiva ni yeye atakayefuatwa kisimani na jikoni. Alikuwa anamjua kila mtu, nani kagombana na nani, nani shemeji wa nani, na ndiye aliyetuzuia mara mbili tusiende kuomba uanachama kwenye nyumba yenye msiba.

Mikutano ya hadhara ilikuwa balaa. Viti vya plastiki sita, kipaza sauti cha betri, na sisi. Watu walipita mbali, wakisikiliza huku wanajifanya wanatafuta mbuzi. Kukaa kwenye kiti chetu ilikuwa aibu ya aina yake, kama kuonekana dukani unanunua dawa ya minyoo. Mara moja alitutembelea mkubwa kutoka makao makuu, akapitia Ndanda na Masasi, akapanda mlima na gari lililokuwa linatoa moshi, akatuletea fulana mbili. Akauliza tuko wangapi. Mwenyekiti akamwambia kumi na mmoja. Mkubwa akaandika, akaongeza sifuri, akasema kule makao makuu wanapenda namba inayojaza kisanduku. Mwenyekiti alikasirika siku nzima. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anayeamini kwamba kumi na moja ni kumi na moja.

Sasa nimlete mtani wake. Huyu ni Mngoni wa Songea, mchinjaji, amekaa Mkunya miaka mingi kiasi kwamba hana tena pa kurudi. Ni mtu wa chama kikubwa, tena wa damu, na kila uchaguzi husimama kituoni kama wakala wao. Wangoni na Wamakonde, kabila la mwenyekiti, ni watani, na hawa wawili walitukanana kila asubuhi kwa bidii ya watu wanaolipwa mshahara.

"Babu zako walikimbilia huku juu kwa kutuogopa sisi," Mngoni alisema akikata mbavu. "Mkaacha mito yote bondeni. Leo unajenga matangi. Ungekubali kutekwa tu ungekuwa unaoga kila siku."

"Na babu zako walishindwa kupanda mlima," mwenyekiti alimjibu. "Watu wazima, na ngao mkononi, wameshindwa na kilima. Nikatie nusu kilo, na mfupa usinipe."

Anampa mfupa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Kwa asiyejua, utani una sheria moja kubwa: mtani akikufanyia lolote, hukasiriki. Anaweza kukuvua kofia msibani, anaweza kulala kwenye kaburi ulilochimba. Ukikasirika umeshindwa, na kila mtu anakuona mshamba.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, mwenyekiti akachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Nilimjazia fomu mimi. Niligonga mhuri mimi. Mhuri wenyewe niliutengenezesha Masasi, na kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mtu wa maana. Chama kililetewa kitabu cha kanuni za uchaguzi, nikatoa nakala moja kwa kila mwanachama, nikazibana vizuri na pini, na sikusoma hata ukurasa mmoja. Nilisoma jalada. Jalada nililisoma vizuri.

Kujiandikisha kwa uchaguzi huo kukaangukia wakati wa korosho. Wenye kuijua kazi hiyo wanaelewa: korosho zinaanguka chini ya mikorosho kila siku, usipoziokota zinaokotwa na mwingine. Wanachama wetu walikuwa wamehamia mashambani na watoto na sufuria. Wakamtuma mtu aniulize: je, ni lazima kurudi kitongojini kujiandikisha, wakati kila mmoja ana kadi yake ya mpiga kura ya ule uchaguzi mkubwa?

Waliniuliza mimi kwa sababu mwenyekiti aliwaambia wamuulize msomi. Alikuwa ananiita hivyo mbele za watu, "msomi wetu," na mimi niliishia kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu aliyaficha chini ya godoro. Nikamjibu aliyetumwa bila hata kuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Kadi inatosha. Waendelee kuokota korosho."

Haikutosha. Uchaguzi wa mitaa una orodha yake, na asiyejiandikisha kwenye orodha ile hapigi kura hata awe na kadi kumi. Imeandikwa kwenye kanuni, ukurasa wa mwanzo mwanzo, kwa herufi nzito. Mtoto angeiona. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameandikishwa kwa sababu mgombea halazimiki kukumbushwa, anabanwa na fomu. Vijana wetu wawili nao waliandikishwa kwa bahati, walipita karibu na ofisi ya kijiji siku moja wakakuta kivuli na foleni fupi. Wengine saba, akiwemo Mama Mwenyekiti, waliendelea kuokota korosho kwa amri yangu.

Nilikujaje kujua? Siku ya kupiga kura nilidamka, nikavaa shati jeupe, nikaenda kituo cha mtaa wangu mjini Newala na kadi yangu kwenye bahasha. Dada wa mezani akapitisha kidole kwenye orodha, akapitisha tena, akaniambia jina langu halimo. Nikamwonyesha kadi. Akanitazama kwa huruma, akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Nyuma yangu watu wakaanza kusogea. Katibu wa tawi, mwenye mhuri wa duara, nikatoka pale nikiwa nimekunja bahasha mfukoni.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikajua palepale kilichokuwa kinawasubiri wale saba. Sikumwambia mtu yeyote. Nikarudi nikafungua duka, nikauza kalamu.

Jioni matokeo yakasomwa. Mgombea wa chama kikubwa alipata kura za kujaza ndoo. Mwenyekiti wangu alipata kura nne. Moja yake, mbili za wale vijana, na ya nne mpaka leo hatujui ni ya nani; kuna wanaosema ni ya Mngoni, naye akiulizwa anasema heri angempigia mbuzi wake.

Keshokutwa yake mwenyekiti akaja dukani. Hakukaa. Alisimama mlangoni akiwa amevaa ile fulana ya makao makuu.

"Wanachama sita wamenijia, mmoja mmoja," akasema. "Kila mmoja anasema alifika, akaambiwa jina halimo. Sita wote. Orodha nzima ya kijiji haijaruka mtu, imeruka watu wangu tu?"

Nikawa napanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Wewe ndiye msomi. Niambie. Kadi ilitosha au haikutosha?"

"Ilitosha, mzee."

Neno hilo nililisema haraka, na nikaliona linavyoingia. Akatikisa kichwa mara moja, akaenda zake. Ningeweza kumkimbilia, stendi si mbali. Nilijiambia nitamweleza kesho, akitulia. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa msomi, na niliona afadhali watu sita waitwe waongo kuliko mimi mmoja niitwe mjinga. Sijivunii. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Basi mzee akaamini wale sita walimpigia kura mwingine, akaacha kuwaitikia. Watu wa kule wakikuamkia hawakupiti tu, wanasimama, mwanamke anapiga goti kidogo, shikamoo baba. Mwenyekiti alitazama bati la nyumba ya jirani mpaka mtu akaondoka. Afadhali ungemtukana mtu mzazi wake kuliko kuiacha shikamoo yake ikining'inia hivyo. Kitongoji kizima kikaanza kuzunguka njia ya nyuma ili kisikutane naye.

Halafu zamu ikafika nyumbani kwake. Alinisimulia mwenyewe, tukiwa juu ya tangi moja ambalo hakuwa hata na moyo wa kuingia ndani yake.

"Nikamuuliza: na wewe mwenzangu, ulimpigia nani?"

"Akasemaje?"

"Akasema kura ni siri."

"Ndivyo sheria inavyosema, mzee."

"Miaka ishirini na minane tunalala kitanda kimoja," akasema, "leo ananiletea sheria."

Siku zilizofuata hawakusemeshana. Kisha siku moja mzee akamwambia mkewe neno, sijui neno gani, hakunitajia. Mama Mwenyekiti akafunga nguo zake akapanda basi kwenda Tandahimba kwa kaka yake. Si jambo dogo. Huyo kaka ndiye mjomba wa watoto, na kwa Wamakonde mjomba wa watoto akishamfungulia dada yake mlango, mume hana ubavu wa kwenda kumvuta mkono. Mzee akabaki anajipikia. Nilimkuta siku moja anakula ugali wa makopa, muhogo mkavu, uliokuwa mbichi katikati, anautafuna kwa hasira, anatazama mlangoni.

Ndipo akaniletea karatasi ya kuchapa. Barua kwa makao makuu, ya kufunga tawi. Iliandikwa kwa mwandiko wa fundi, mistari imenyooka kama imepimwa na pima maji: kwamba tawi limekosa wanachama waaminifu, na kwamba mwenyekiti hawezi kuongoza watu waongo, akiwemo wa nyumbani mwake. Nikachapa. Akasaini, nikagonga mhuri. Tukakubaliana iende na basi la Jumatatu.

Habari za barua zilifika bucha kabla ya barua kufika bahasha. Jumamosi mchana nikapigiwa simu na yule kijana wetu mmoja: njoo haraka, kuna msiba kwa mwenyekiti. Nikakodi bodaboda nikiomba Mungu kwa dini zote ninazozijua. Nilipofika nikakuta kweli watu wamejaa uwanjani, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wanaume wamekaa kwenye vile viti vyetu sita, na waliobaki chini. Katikati pana kasha la mbao la sabuni, limefunikwa bendera yetu iliyoshushwa kwenye mlingoti. Mwenyekiti amekaa kwenye mkeka wa wafiwa, amekalishwa kwa nguvu, mzima wa afya.

Aliyekufa lilikuwa tawi.

Mngoni alikuwa amevaa koti la mvua kama joho la padri na alibeba kalenda ya mwaka jana aliyokuwa ameandika nyuma yake. Wanawake walikuwa wanalia kwa ustadi, mmoja akimshika mwenzake asianguke, "Tawi weee, umetuachia nani?" Nikasogea nikakaa pembeni. Nilifurahi, nikasema afadhali, watu watacheka, yatakwisha.

"Wasifu wa marehemu," Mngoni akasoma. "Marehemu alizaliwa ndani ya tangi, kwa kuwa mama yake alikosa ngazi ya kutokea."

Watu wakaanguka. Mwenyekiti alibana midomo.

"Alilelewa kwa saruji na maneno. Katika uhai wake alihutubia mikutano tisa, na mbuzi walihudhuria yote. Mkutano wa tatu aliahidi kwamba zahanati ikipata dawa, ufunguo wa kabati utashikwa na mwanamke, kwa sababu mwanaume akishika ufunguo anaupoteza baa."

"Wa nne huo!" mama mmoja akamsahihisha kutoka nyuma. "Wa tatu alisema habari za barabara."

"Asante, mfiwa. Wa nne." Mngoni akarekebisha kwa kalamu.

Nikashangaa. Hotuba ya zahanati niliiandika mimi, na siku ilipotolewa ningeapa kwamba wasikilizaji tulikuwa sita. Nikamtazama mwenyekiti, na yeye alikuwa amegeuka kumtafuta yule mama.

"Marehemu ameacha bendera moja, kipaza sauti kimoja," Mngoni akaendelea, akapunguza sauti, "na mjane mmoja, yuko Tandahimba."

Hapo vicheko vilikatika. Hata kwa mtani lile lilikuwa zito. Mwenyekiti shingo ilimsimama, lakini hakuinuka, sheria ni sheria. Mngoni hakumwangalia. Alikunja kalenda.

"Kabla hatujazika. Kila msiba hapa kwetu tunaelezwa sababu ya kifo. Aliugua nini, alitibiwa wapi, nani alikuwa naye mwishoni. Mimi nilikuwepo kituoni kama wakala, niliona wagonjwa saba wanafika mezani na kurudishwa. Lakini mimi ni mtu wa chama kingine, tena Mngoni, nikisema mfiwa hataniamini. Daktari aliyemtibu marehemu yupo. Daktari, simama."

Watu wote wakanigeukia. Nilisimama nikiwa na mzaha tayari mdomoni, kitu fulani kuhusu kuharisha. Nikamwona mwenyekiti ananiangalia. Alikuwa anaangalia bila shaka yoyote, kama mtu anayesubiri msomi wake amtetee. Mzaha ukapotea.

"Marehemu alikufa kwa sababu ya katibu," nikasema. "Niliulizwa kama ni lazima kujiandikisha, nikasema kadi inatosha. Sikusoma kanuni. Wale waliosema majina hayakuwamo walisema kweli. Na mwenyekiti aliponiuliza, nilikuwa nimeshajua, nikamwambia ilitosha."

Watu wakapasuka vicheko. Walidhani nimeingia kwenye mchezo. Mama mmoja akajitupa chini kabisa, "Daktari kaua mgonjwa, jamani!"

"Rudia, daktari," Mngoni akasema, yeye hakucheka. "Wafiwa wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Mara ya pili vicheko vilikuwa vichache. Wale sita walikuwa wametawanyika humo humo uwanjani, na niliona mmoja mmoja anavyoinamisha kichwa, si kwa aibu, kwa uchovu wa mtu aliyebeba mzigo usio wake.

Mwenyekiti akainuka kwenye mkeka.

"Haikutosha?"

"Haikutosha, mzee."

Nilitegemea kofi. Alilikaribia kasha, akaiondoa bendera, akaikunja mara mbili, akaitia kwapani. Kisha akanipita akielekea ndani, na alipofika kizingitini akasema bila kugeuka, "Kesho saa moja. Stendi. Utakwenda kuyasema hayo mbele ya shemeji yangu."

Njia nzima ya Tandahimba hakunisemesha. Alivaa kanzu na koti, nguo za kuposea. Tulipofika kwa kaka wa Mama Mwenyekiti tulikuta korosho zimeanikwa kwenye turubai uwanja mzima, ikabidi tupite pembeni kwa adabu tusizikanyage. Mwenyekiti akampa shemeji yake shikamoo, yule alikuwa mkubwa kwake. Ikaitikiwa baada ya muda mrefu kidogo kuliko unaotakiwa. Tukaletewa mkeka. Mama Mwenyekiti alikuwa ndani, tulimsikia anapembua kitu, na tulipoanza kuongea kupembua kukakoma.

"Huyu uliyekuja naye ni nani?" kaka akauliza.

"Huyu ndiye sababu," mwenyekiti akasema. "Sema."

Nikasema kwa mara ya tatu. Safari hii hakukuwa na kasha la sabuni wala watu wa kucheka, maneno yaleyale yalitoka mabaya zaidi. Mlango ukafunguka, Mama Mwenyekiti akatoka na ungo mkononi, akasimama.

"Nimekosa, mke wangu," mwenyekiti akasema.

"Umekosa." Hakuwa na hasira, alisema kama anayekubaliana na bei. "Uliniuliza nilimpigia nani. Hukuniuliza kama niliruhusiwa kupiga. Wale wenzangu sita walikwambia ukweli ukawaita waongo. Mimi nije wa saba, nijiongeze?"

Mzee alikuwa anaangalia korosho.

"Nitarudi," Mama Mwenyekiti akasema. "Lakini kabla sijawasha moto, utapita kwenye nyumba zote sita. Na usisubiri wakuamkie. Utaanza wewe kuwasalimia, wadogo kwa wakubwa."

"Nitapita."

"Na hiyo barua yenu ichaneni. Tawi si la kwako peke yako ulifunge."

"Nitaichana."

Nikaanza kupumua. Nilijiona nimetoka salama, nikatabasamu hata, nikataka kutoa mzaha mdogo wa kumaliza. Ndipo akanigeukia mimi. Wakati wote ule alikuwa hajanitazama.

"Ulijua saa ngapi?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Kwamba tutarudishwa. Ulijua saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi niliondoka shambani saa sita. Nikaacha korosho chini. Nikatembea na jua lile, nikaoga kwa kopo moja la maji, nikavaa kitenge changu cha sikukuu kwa sababu siku hiyo mume wangu anagombea. Nikapanga mstari. Wanawake wa chama kikubwa walikuwa wananiangalia, mke wa mgombea huyo. Nilipofika mezani saa nane nikaambiwa jina halipo, wakacheka mpaka nje." Akauweka ungo chini. "Simu yako siku ile ilikuwa na chaji?"

"Ilikuwa nayo, mama."

"Na namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Akaniangalia kidogo, kisha akaingia ndani kufunga nguo zake.